Sanduku la Kufuli Tatu na Nywila Moja: Barua ya Wazi kuhusu Mahali pa Kulaza Mifumo Inayolipiwa

Kwa wenyeviti na wajumbe wa bodi za SACCOS, viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, na vijana wanaoandika na kuuza mifumo ya kompyuta katika Manispaa ya Mpanda, Mkoa wa Katavi.

YAH: MAHALI PA KULAZA KUMBUKUMBU ZA WANACHAMA



Barua hii inahusu uamuzi ambao katika kila mfumo wa kompyuta unaouzwa kwa ada ya mwezi hufanywa na mtu mmoja, mara nyingi kwa haraka, ilhali matokeo yake hubebwa na mamia ya watu ambao hawakuulizwa, nao ni uamuzi wa mahali ambapo mfumo huo utaishi. Mfumo unaozungumziwa ni programu ya wavuti, yaani programu ambayo mtumiaji haisimiki katika simu yake bali huifikia kwa kuandika anwani kwenye kivinjari, huku programu yenyewe pamoja na kanzidata, ambayo ndiyo daftari kuu la kumbukumbu zote, vikiwa ndani ya kompyuta nyingine iliyo mbali na isiyozimwa usiku wala mchana. Kompyuta hiyo huitwa seva, na kazi ya kuipatia programu nafasi ndani ya seva, pamoja na umeme, intaneti na ulinzi, kwa malipo, huitwa upangishaji, ingawa mafundi wenyewe wamezoea kusema tu kwamba mfumo umehostiwa mahali fulani.

Haizungumziwi hapa mifumo ya Serikali. Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, unaojulikana kwa jina la MUVU na kusimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, una wenyewe waliokwisha kuamua unakaa wapi. Kinachozungumziwa ni mifumo midogo inayoandikwa na vijana na kuuzwa kwa vikundi, maduka ya pembejeo, shule binafsi na zahanati, ambayo huanza na mteja mmoja anayelipa kwa kujaribu, kisha ikafika siku ambapo wateja ni 40 na kila mmoja ana wanachama wake. Siku hiyo huwa haitangazwi. Seva iliyochukuliwa kwa bei rahisi ili kumwonyesha mteja wa kwanza namna mfumo unavyofanya kazi huendelea kutumika, na kinachobadilika ni uzito wa kile kilicholazwa humo.

Ili uzito huo ueleweke, inafaa kuanza na chombo ambacho kila kikundi cha akiba kinakifahamu. Utaratibu wa vikundi vya akiba na mikopo vya vijijini, ulioanzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE na kuenea katika sehemu kubwa ya Afrika, Tanzania ikiwamo, ulijengwa juu ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu, ambazo funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe likatunzwa na mwanachama mwingine asiye na ufunguo hata mmoja, likafunguliwa tu mbele ya mkutano. Utaratibu huo haukuwekwa kwa sababu ya kumshuku mweka hazina; uliwekwa ili hata mwaminifu asibebeshwe peke yake mzigo ambao ugonjwa, safari au shida ya nyumbani ingeweza kumshinda. Kikundi kinapohamisha kumbukumbu zake kutoka daftarini kwenda kwenye mfumo, sanduku hilo huondoka kimyakimya, kwa kuwa sasa anayejua seva iko wapi ni mtu mmoja, anayeilipia ni huyohuyo, na nywila inayofungua kila kitu, yaani neno la siri la msimamizi, imo katika simu yake. Funguo tatu na mtunza sanduku vimekuwa mtu mmoja, na mkutano haujui sanduku liko nyumba gani. Hoja yote ya barua hii ni kwamba upangishaji sahihi wa mfumo unaolipiwa ni ule unaowezesha kufuli zile tatu kurudi, na kwamba bei, kasi na ukubwa wa kampuni ni mambo ya kupimwa baada ya hilo.

Njia ya kwanza ambayo bodi nyingi huielekea ni kuiweka seva ofisini, mahali inapoonekana. Mvuto wake unaeleweka, na si wa kubezwa, kwa kuwa Mpanda ni mji unaojua maana ya kutegemea vitu vinavyotoka mbali. Tawi la reli la kilomita 210 kutoka Kaliua lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, na mgodi wenyewe haukuvuka mwanzo wa miaka ya 1960. Na kwa miaka mingi, hata baada ya Katavi kuwa mkoa mwaka 2012, mji uliendelea kupata umeme wa jenereta za dizeli, ukiwa nje ya gridi ya taifa. Hata hivyo, seva inayotoa huduma kwa watu wanaolipa huhitaji umeme usiokatika, intaneti ya njia mbili ili moja ikifa nyingine ibaki, ubaridi, ulinzi dhidi ya moto na wizi, na mtu wa kubadilisha diski saa nane usiku. Gharama ya mambo hayo kwa ofisi moja ni kubwa kuliko mapato ya mfumo wenyewe. Seva ya ofisini inafaa kuwa nakala ya ziada, jambo litakalorudiwa mbele, lakini haifai kuwa nyumba kuu.

Baada ya ofisi, ngazi zinazobaki ni tatu, na tofauti kati yake si ya ubora tu bali ni ya madaraka. Ngazi ya chini ni upangishaji wa pamoja, ambapo tovuti mamia kadhaa za wateja wasiojuana huwekwa ndani ya seva moja na kugawana nguvu zake, kama wapangaji wa chumba kimoja wanaotumia jiko moja. Inafaa kwa tovuti ya kutangaza nyumba ya wageni, si kwa mfumo wa fedha, kwani jirani akipata wageni wengi au akishambuliwa, wote huchelewa, na mwenye mfumo hana ruhusa ya kubadilisha chochote katika seva yenyewe. Ngazi ya pili ni seva pepe, ambayo ni sehemu ya kompyuta kubwa iliyotengwa kwa programu maalumu ili ijiendeshe kama kompyuta kamili, ikiwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi, diski na mfumo endeshi vyake. Ngazi ya tatu ni wingu, jina lisilohusiana na anga hata kidogo, maana wingu ni kundi la maelfu ya kompyuta katika majengo makubwa ambayo huuza nguvu zake kwa saa au hata kwa sekunde, na mteja anaweza kuongeza au kupunguza kadiri anavyohitaji.

Kwa mfumo unaokua wa Mpanda, hukumu ya barua hii ni kwamba ngazi ya pili inatosha kwa muda mrefu zaidi kuliko inavyodhaniwa, na sababu kubwa ni malipo ya simu. Mwanachama anapolipa kwa M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa, fedha huhama kwanza, kisha kompyuta ya kampuni ya simu au ya wakala wa malipo hutuma ujumbe kwa seva ya mfumo ikieleza kwamba fulani amelipa kiasi fulani. Ili ujumbe huo ukubaliwe kwa usalama, kampuni nyingi hutaka seva iwe na anwani ya namba isiyobadilika na isiyotumiwa na mtu mwingine, na mara nyingine hutaka njia ya faragha iliyofungwa kati ya pande mbili, mambo ambayo upangishaji wa pamoja kwa kawaida hauyatoi. Tena, ujumbe ukifika wakati seva imelala, fedha ya mwanachama imekwisha kuondoka lakini daftari halijui. Hapo ndipo hutokea ugomvi mbaya kuliko wote katika kikundi, wa mtu mwenye ujumbe wa malipo katika simu yake mbele ya mfumo unaosema kwamba anadaiwa. Mfumo wowote unaopokea malipo unapaswa kuwa na kazi ya kila usiku ya kulinganisha orodha ya miamala ya kampuni ya malipo na orodha yake wenyewe, na seva inayochaguliwa lazima iruhusu kazi ya aina hiyo kujiendesha bila mtu.

Hofu kwamba seva moja haitatosha ni hofu ambayo wauzaji wa huduma kubwa huilisha, lakini historia ya fani hii inaituliza. Instagram ilipofunguliwa Oktoba 6, 2010, ilikuwa juu ya seva moja iliyokuwa Los Angeles, ikapokea watu wapatao 25,000 siku ya kwanza, ikalemewa, na ndani ya siku chache ikahamishiwa katika wingu la Amazon. Kuhama kwa haraka kuliwezekana kwa sababu programu ilikuwa inahamishika. Katika upande wa pili, kampuni ya 37signals ya Marekani, inayouza programu ya Basecamp kwa ada ya mwezi, ilitumia zaidi ya dola milioni 3 kwa huduma za wingu mwaka 2022, kisha ikaamua kununua seva zake na kuondoka humo, uamuzi ambao ilitangaza kwamba umeipunguzia gharama kwa kiasi kikubwa. Kampuni hiyo ina mafundi waliobobea na wateja wengi mno, kwa hiyo si mfano wa kuigwa Mpanda kama ulivyo; faida yake ni kuonyesha kwamba wingu si kilele ambacho kila mfumo lazima ukipande. Kikundi chenye wanachama 30 kinachokutana kila wiki huandika mistari michache katika kanzidata, na hata vikundi 200 vikikutana Jumamosi moja, kazi hiyo huifaa seva pepe ya kawaida, ilimradi mwandishi wa programu amepanga vizuri namna kanzidata inavyotafutwa. Mifumo mingi inayosemwa kuwa imezidi uwezo wa seva imelemewa na uandishi wake, na kuinunulia seva kubwa ni kuficha maradhi kwa fedha ya wanachama.

Kinachofuata ni nchi, yaani kama mashine yenyewe iwe Dar es Salaam, Afrika Kusini au Ulaya, na hapa jambo lina pande nyingi kiasi cha kuhitaji subira ya msomaji. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Frankfurt, miji iliyotengana kwa umbali wa moja kwa moja unaokaribia kilomita 7,000, hakuwezi kupungua sehemu 70 za sekunde iliyogawanywa mara elfu, na kwa njia halisi ya nyaya za baharini huwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa ombi moja, muda huo hauonekani. Lakini ukurasa ulioandikwa bila uangalifu unaweza kutuma maombi 30 yanayosubiriana, na yule mweka hazina aliyeshika simu ya bei nafuu, akitumia bando la siku mahali ambapo mtandao wenyewe ni dhaifu, akasubiri sekunde nyingi kwa kila jina analofungua, na majina ni 30, na mkutano unataka kwisha kabla ya mvua.

Umbali una hatari nyingine iliyodhihirika Mei 12, 2024, wakati nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania pamoja na nchi kadhaa za jirani ikayumba kwa siku kadhaa. Mawasiliano kati ya simu iliyo Mpanda na seva iliyo Dar es Salaam hayahitaji kupita baharini, kwa kuwa nchi ina Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na watoa huduma za intaneti hubadilishana mawasiliano ya ndani Dar es Salaam penyewe katika kituo cha TIX. Kuna Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data, Kijitonyama, kinachosimamiwa na shirika la TTCL, na kuna vituo vya kampuni binafsi. Hata hivyo, seva ya Dar es Salaam haiuokoi mfumo ambao mwandishi wake ameutegemeza kwa vitu vya nje bila kufikiri, kama vile herufi, picha na vipande vya programu vinavyovutwa kutoka seva za Marekani kila ukurasa unapofunguliwa, au mlango wa kuingilia unaomtaka mtumiaji athibitishwe kwanza na kampuni ya ng'ambo. Nyaya zikikatika, mfumo wa namna hiyo hufa ukiwa nyumbani.

Kwa upande wa Afrika Kusini, kampuni tatu kubwa za wingu zimekwisha kuweka vituo vyake huko, Microsoft mwaka 2019, Amazon huko Cape Town mwaka 2020, na Google huko Johannesburg mwaka 2024. Hiyo ni hatua yenye manufaa kwa bara, ila ieleweke kwamba kwa macho ya sheria Johannesburg ni nje ya nchi sawasawa na Frankfurt. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi Aprili 3, 2024, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi, na inahesabu miamala ya fedha ya mtu miongoni mwa taarifa binafsi nyeti. Daftari la kikundi, likiwa na majina, namba za simu, warithi walioandikwa, akiba na madeni ya kila mwanachama, limo ndani ya sheria hiyo moja kwa moja. Kijana anayechagua seva ya Ulaya kwa sababu tangazo lake lilikuwa la kwanza kuonekana amesafirisha taarifa nyeti za watu wa kata za Shanwe, Nsemulwa na Makanyagio nje ya nchi, na kikundi kilichomlipa hakijui kwamba kimefanya hivyo pamoja naye.

Kwa sababu hizo nyumba kuu ya kumbukumbu za fedha za wanachama inafaa iwe ndani ya nchi. Hilo linasemwa kwa kujua kwamba upangishaji wa ndani mara nyingine ni ghali zaidi kwa nguvu ileile, na kwamba baadhi ya wauzaji wenye majina ya Kitanzania hukodi seva za ng'ambo na kuzipangisha upya. Dawa yake ni kuuliza kwa maandishi jengo na mji ambamo mashine ipo, na kutokubali jibu linalotaja ofisi ya mauzo badala ya kituo cha data. Muuzaji asiyeweza kutaja mji amekwisha kujibu.

Bei nayo ina mitego yake. Seva za nje hulipwa kwa dola, ilhali kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni, na kwa hiyo kijana hupokea shilingi na kulipa dola. Ichukuliwe kwa mfano mfumo wenye vikundi 40 vinavyolipa shilingi 15,000 kila kimoja kwa mwezi, yaani shilingi 600,000, na seva pamoja na nakala zake ikigharimu dola 60. Mwanzoni mwa 2023, dola ilipokuwa karibu na shilingi 2,300, gharama hiyo ilikuwa shilingi 138,000; katikati ya 2024, dola ilipovuka 2,600, ilizidi shilingi 156,000, bila mteja kuongezeka hata mmoja. Bei za matangazo kwa kawaida ni za mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili hupanda. Huduma nyingi za wingu hutoza data inayotoka, kwa maana kwamba kuingiza kumbukumbu ni bure na kuzitoa ni kwa fedha, jambo ambalo mwenye mfumo hulitambua siku anapotaka kuhama. Hesabu inayofaa ni ya miaka mitatu, ikiwa na gharama ya kuondoka ndani yake.

Wauzaji hupenda kutaja asilimia za upatikanaji, yaani sehemu ya muda ambao seva inaahidiwa kuwa hewani. Asilimia 99 husikika kama alama ya mwanafunzi bora, lakini maana yake ni kwamba mfumo unaweza kulala zaidi ya siku tatu na nusu kwa mwaka bila ahadi kuvunjwa, ilhali asilimia 99.9 ni takriban dakika 43 kwa mwezi. Ahadi ikivunjwa, fidia huwa ni sehemu ya ada ya upangishaji, kamwe si hasara ya kikundi. Aidha, seva inaweza kuwa nzima na mfumo usifikike, kama ilivyotokea Kenya mwezi Julai 2023, wakati jukwaa la huduma za Serikali la eCitizen, ambalo wananchi hulitumia kulipia huduma nyingi, liliposhambuliwa kwa mafuriko ya maombi bandia, na malipo yakakwama. Mfumo mdogo hauwezi kujikinga peke yake na shambulio la aina hiyo, na ndiyo sababu swali kuhusu kinga ya mafuriko liulizwe kwa mpangishaji kabla ya mkataba, si siku ya mkasa.

Linalobaki ni nakala rudufu, na hapa ndipo barua hii inapoomba usikivu wa bodi kuliko mahali pengine popote. Usiku wa Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, mojawapo ya wapangishaji wakubwa wa Ulaya, na miongoni mwa wateja waliopoteza kumbukumbu moja kwa moja walikuwamo waliokuwa na nakala, ila nakala zenyewe zilikuwa katika eneo lilelile. Nakala iliyolala karibu na kitu ilichonakiliwa huungua pamoja nacho. Kwa hiyo nakala ya kwanza iwe katika mji mwingine, kwa mpangishaji mwingine, na kwa akaunti nyingine, kwa sababu nywila iliyoibwa hufuta kila kilichomo ndani ya akaunti ileile, nakala zikiwamo. Nakala hiyo ifungwe kwa usimbaji fiche, yaani igeuzwe kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, ili atakayeipata asipate majina ya watu. Nakala ya pili, ya kila wiki, inaweza kukaa katika diski ndani ya kabati la ofisi ya SACCOS, na hapo ndipo mashine ya ofisini inapopata kazi inayoifaa. Bodi iulize maswali mawili yanayojibika kwa namba: mfumo ukianguka sasa hivi, ni kazi ya saa ngapi itakayopotea, na itachukua saa ngapi kuurudisha. Fundi anayejibu kwamba mfumo hauwezi kuanguka hajaulizwa hilo.

Kuhusu funguo, mambo ni mepesi kuyaeleza na magumu kuyatekeleza, kwa kuwa yanagusa heshima ya vijana. Akaunti ya upangishaji na jina la kikoa, yaani anwani ambayo watu huiandika kuufikia mfumo, visiandikishwe kwa barua pepe na namba ya simu ya mtu binafsi bali kwa jina la biashara iliyosajiliwa. Ufunguo wa seva, ufunguo wa kanzidata na ufunguo wa nakala zisikae kwa mtu mmoja. Nakala ya funguo hizo iwekwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri na kutunzwa mahali ambapo bodi na mwenye mfumo wamekubaliana, ili kijana akihamia Dar es Salaam kwa ajira, akiugua au akifariki, wanachama wasijikute wanalipia mlango usio na mwenye ufunguo. Vijana wanaoandika mifumo hii ni hazina ya mkoa, wengi wao wamejifunza kwa bando walilolinunua wenyewe, na ombi hili halina shaka juu ya uaminifu wao, kama ambavyo kufuli tatu hazikuwa na shaka juu ya mweka hazina. Programu yenyewe ibaki kuwa mali yao. Kumbukumbu ni za wanachama, na mkataba useme wazi kwamba kikundi kinaweza wakati wowote kupewa kumbukumbu zake zote katika jedwali linalosomeka na programu ya kawaida ya hesabu, bila ada ya adhabu.

Kwa kuwa vikundi vidogo vya huduma ndogo za fedha vinasimamiwa na halmashauri chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, Manispaa ya Mpanda ina nafasi ya kusaidia bila kutumia fedha nyingi. Maafisa Maendeleo ya Jamii wanapokagua vitabu vya kikundi wanaweza kuongeza swali moja katika fomu yao, la mji ambamo kumbukumbu za kikundi zimelazwa na majina ya vyeo vinavyoshika funguo zake. Swali likiwa katika fomu, mwenyekiti atamuuliza fundi, na fundi atamuuliza mpangishaji.

Vikundi vingi hufunga mzunguko wake na kugawana akiba kuelekea mwisho wa mwaka. Ombi la barua hii ni kwamba kabla ya mgao ujao kila kikundi kinacholipia mfumo kimtake fundi wake achukue nakala ya jana, aifungue katika mashine nyingine isiyokuwa ile ya kila siku, mbele ya wajumbe watatu, na kwamba salio la wanachama kumi waliotajwa papo hapo lisomwe kwa sauti na kulinganishwa na vitabu vyao vya mkononi. Muda uliotumika tangu kuanza hadi salio la kwanza kusomwa uandikwe katika muhtasari wa kikao.

Imeandikwa Shanwe, Manispaa ya Mpanda.